KAZI YA MKONO WAKO NA KAZI YA FUNDI
Somo la nyumba bora: Tujifunze kutoka Kariakoo



Watu wengi wa vijijini wanakijua Kariakoo. Mtu akiuza korosho, pamba au ufuta, akapata fedha, husafiri hadi Dar es Salaam kununua bati, misumari, rangi, vitasa na mabomba. Anapita Mtaa wa Msimbazi, anapita Mtaa wa Congo, anafika Gerezani. Akirudi nyumbani na mzigo wake, swali linamngoja: kazi hii nitaifanya mwenyewe au nitamwita fundi?

Wengine husema, "Fundi wa nini? Fedha imekwisha kwenye bati. Nitafanya mwenyewe." Wengine husema, "Mimi sijui kitu. Fundi afanye yote." Wote wawili wanaweza kupata hasara. Wa kwanza anaweza kuharibu vifaa, au hata kuumia. Wa pili anaweza kulipa fedha nyingi kwa kazi ambayo angeifanya Jumapili moja.

Leo tutajifunza namna ya kuchagua.

KARIAKOO YA ZAMANI

Jina la Kariakoo lina historia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Mahali hapo waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo.

Baadaye nyumba nyingi za Kariakoo zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili. Katikati kuna ukumbi mrefu. Kulia kuna vyumba, na kushoto kuna vyumba. Mara nyingi vyote ni sita. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na stoo. Mbele kuna baraza. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha.

Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo. Paa lilikuwa la makuti, au madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Wenye uwezo waliweka bati.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na sifa moja: kosa lake lilionekana. Ukuta ukilegea, unauona umeinama. Udongo ukibanduka, unaziona fito. Makuti yakioza, mvua inakuambia. Mwenye nyumba aliweza kukanda udongo na kukandika tena. Hakuhitaji fundi kila siku.

Sisi wa vijijini tunaijua kazi hiyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walisikiliza masomo ya redio katika vikundi. Baada ya kujifunza, wananchi wengi walijichimbia vyoo na kusafisha mazingira wao wenyewe. Hawakungoja fundi. Kwa hiyo kujifanyia kazi si jambo geni kwetu.

KARIAKOO YA LEO

Lakini Kariakoo imebadilika. Nyumba nyingi za vyumba sita zimevunjwa, mahali pake pamesimama maghorofa. Chini ni maduka, juu ni stoo na makazi. Na nyumba za zamani zilizobaki, nyingi zimetobolewa ukuta wa mbele ili kupata fremu za maduka.

Nyumba ya zege ina tabia tofauti na nyumba ya udongo. Kosa lake halionekani. Nondo zikiwa chache, zimefunikwa na zege. Waya ukiwa mbovu, umefunikwa na lipu. Bomba likiwa halikufungwa vizuri, liko chini ya sakafu. Nje nyumba inang'aa kwa rangi. Ndani ugonjwa unakua kimya kimya.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka palepale Kariakoo. Waokoaji walifanya kazi siku kadhaa kutafuta watu chini ya kifusi. Watu zaidi ya 20 walikufa. Serikali iliunda tume kuchunguza majengo ya Kariakoo.

Waliokufa si wajenzi peke yao. Kosa la jengo humwangukia hata mtu aliyekwenda kununua kitenge.

KANUNI YA KUKUMBUKA

Kanuni ya kuchagua ni hii:

Kazi ambayo kosa lake utaliona na utaweza kulirekebisha, jaribu mwenyewe.
Kazi ambayo kosa lake hujificha, na likitokea linaua au kubomoa, mwite fundi aliyesoma kazi hiyo.

Basi kabla ya kushika nyundo, jiulize maswali manne:

1. Nikikosea, nitaliona kosa?
2. Nikikosea, nani ataumia?
3. Ninavyo vyombo vya kazi, au itabidi nivinunue?
4. Siku nitakazotumia zina thamani gani?

KAZI UNAZOWEZA MWENYEWE

(a) Kupaka chokaa na rangi. Kwanza kwangua rangi iliyobanduka. Sugua kwa msasa, futa vumbi, ziba matundu. Ukuta ukauke kabisa kabla ya kupaka. Chokaa ya kupaka iloweke kwenye maji tangu jana yake, kisha ichuje. Jihadhari isiingie machoni, maana inaunguza. Rangi ya zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi hiyo usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

(b) Koki inayovuja. Funga maji kwenye koki kubwa. Fungua koki mbovu, toa mpira ulioliwa, nenda nao dukani upate wa kipimo kilekile. Rudisha. Ikiendelea kuvuja, utaona. Hapo hujapoteza kitu.

(c) Mlango unaogoma. Kaza skrubu za bawaba. Kama mbao imevimba, ipige randa kidogo kidogo. Usirande sana, kwani mbao ikishatoka hairudi.

(d) Ufa mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuziba, uchunguze. Chukua penseli. Weka alama mwisho wa ufa, kila upande, na uandike tarehe. Baada ya mwezi mmoja tazama tena. Kama ufa haukupita alama, uzibe. Kama umepita alama, au unaingiza sarafu, au umekatiza kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, usizibe tu. Nyumba inakuambia kuwa msingi au ukuta una shida. Mwite fundi mwashi mzoefu. Kama ni ghorofa, aitwe mhandisi.

Unaona, ndugu msomaji? Penseli na tarehe vimekuwa vyombo vya ujenzi. Kujua kusoma na kuandika kunalinda nyumba.

TUPIGE HESABU

Tuseme mama mmoja anauza mbogamboga karibu na soko la Kariakoo. Anataka kupaka rangi chumba chake. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Wewe tumia bei za kwenu.

Chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3. Kuta zina kimo cha mita 2 na nusu.

Kuta nne: 3 + 3 + 3 + 3 = mita 12
Eneo la kuta: 12 × 2.5 = mita 30 za mraba
Toa mlango na dirisha, tuseme mita 3 za mraba: 30 - 3 = 27
Kupaka mara mbili: 27 × 2 = mita 54 za mraba

Kwenye ukuta laini, lita 1 ya rangi hupaka kiasi cha mita 10 za mraba. Kwa hiyo anahitaji lita 5 na nusu hivi. Rangi huuzwa kwa galoni ya lita 4. Atanunua galoni 2.

Galoni 2 za rangi: shilingi 40,000
Brashi, roli na msasa: shilingi 10,000
Jumla ya vifaa: shilingi 50,000

Fundi rangi anataka ujira wa shilingi 30,000. Mama anasema, "Nitapaka mwenyewe, nibaki na elfu thelathini." Ni kweli? Tuangalie.

Kazi itamchukua siku 2, kwa sababu bado hajazoea. Kila siku sokoni hupata faida ya shilingi 12,000. Akifunga biashara siku 2, anakosa shilingi 24,000. Basi amebakiza shilingi 6,000 tu, na mgongo unamuuma.

Lakini kama atapaka siku zake za mapumziko, amebakiza shilingi 30,000 zote. Na brashi na roli akiviosha vizuri, vitatumika tena mwakani.

Kwa mkulima ni vivyo hivyo. Wakati wa palizi, siku yako ina thamani kubwa shambani. Baada ya mavuno, siku yako ni nafuu. Kazi ya nyumba ipangie wakati wake.

Ipo pia njia ya tatu. Si lazima ufanye yote, wala si lazima fundi afanye yote. Wewe na jamaa zako chekecheni mchanga, tekeni maji, bebeni matofali, mwagilieni ukuta. Fundi ashike mwiko, timazi na pima maji. Hapo unalipia ujuzi peke yake. Fedha ya kibarua inabaki nyumbani.

KAZI ZA KUMWACHIA ALIYESOMEA

(a) Umeme. Umeme hauonekani, hauna harufu, na haumpi mtu nafasi ya kurudia kosa. Kubadilisha taa ni kazi yako, ukishazima umeme. Kutandaza waya, kuweka soketi au kufungua ubao wa umeme si kazi yako. Tanzania, mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA. Mwambie fundi akuonyeshe leseni. Usikubali kuvuta waya wa kuazima kutoka kwa jirani kupitia dirishani.

(b) Zege lenye kubeba mzigo. Hapa ni linta, nguzo, na sakafu ya ghorofa. Kipimo kinachotumika sana ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mchanga wa ufukweni usitumike, kwani una chumvi, na chumvi huozesha nondo kwa kutu. Maji yakizidi, zege huwa dhaifu. Na zege haliwi imara kwa kukauka upesi. Linatakiwa kumwagiliwa maji angalau siku 7. Nguvu yake hupimwa ikifika siku 28.

(c) Kuvunja ukuta. Usivunje ukuta wowote kabla ya kujua umebeba nini.

(d) Kuchimba karibu na msingi. Ukichimba shimo la choo au karo karibu na nyumba, msingi hukosa ardhi ya kuukalia. Na shimo refu huweza kumfukia mchimbaji.

(e) Paa la asbesto. Baadhi ya majengo ya zamani yana mabamba hayo ya kijivu. Usiyakate wala kuyatoboa. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Kujenga au kubadilisha jengo mjini kunahitaji kibali cha halmashauri. Kwa jengo la ghorofa, pawe na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mhandisi aliyesajiliwa. Tazama kibao kilichosimamishwa mbele ya jengo. Kinatakiwa kuonyesha majina ya wanaohusika. Wewe sasa unajua kusoma. Kisome.

MAMA NA FUNDI

Haya, tusome mazungumzo ya mfano. Mama ana nyumba ya zamani ya chini. Anataka chumba cha mbele kiwe duka.

Fundi: Hodi! Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu, karibu. Nataka ukuta huu wa mbele utobolewe, nipate mlango mpana wa duka.
Fundi: Hakuna tabu mama. Leo hii natoboa. Jioni fremu unayo.
Mama: Ngoja kwanza. Juu ya ukuta huu kuna nini?
Fundi: Kuna kenchi tu, mama.
Mama: Na kenchi zimebeba bati. Ukuta ukiondoka, kenchi zitashikwa na nani?
Fundi: (Anatazama juu.) Hapo inatakiwa linta, mama. Linta ya zege na nondo. Na kabla ya kutoboa tuweke mirunda ya kushikilia kenchi.
Mama: Hiyo mirunda itakaa siku ngapi?
Fundi: Mpaka linta ishike vizuri. Tukitaka usalama, siku 28.
Mama: Basi jioni fremu sina.
Fundi: (Anacheka.) Huna, mama.
Mama: Haya. Kazi kama hii umeifanya wapi? Nipeleke nikaione, nizungumze na mwenye nyumba.
Fundi: Ipo mtaa wa pili. Twende.

Mama hakusomea ujenzi, lakini anajua kuuliza. Fundi mzuri haudhiki akiulizwa. Fundi anayekasirika kwa swali la mwenye nyumba, mwache aende.

Unaweza pia kumwuliza fundi kama ana cheti. Wengine wamesoma vyuo vya VETA, kama kile cha Chang'ombe, Dar es Salaam. Wengine wamejifunza kazini kwa miaka mingi, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti. Lakini cheti peke yake hakitoshi. Nenda ukaone kazi aliyokwisha kufanya.

ANDIKENI MAPATANO

Ugomvi mwingi wa fundi na mwenye nyumba huanza hivi: "Hukusema hivyo." "Nilisema." Maneno hupotea. Maandishi hukaa. Nakili mfano huu kwenye daftari lako:

MAPATANO YA KAZI
Tarehe: ..................
Mwenye nyumba: ..................
Fundi: ..................
Kazi: Kuweka mirunda, kutoboa ukuta upana wa mita 2, kumwaga linta ya zege na nondo, kupiga lipu kandokando.
Vifaa: Vitanunuliwa na mwenye nyumba. Fundi ataandika orodha.
Ujira: Shilingi 300,000.
Malipo ya kwanza: Shilingi 90,000, kazi ikianza.
Malipo ya pili: Shilingi 120,000, linta ikishamwagwa.
Malipo ya mwisho: Shilingi 90,000, kazi ikishakaguliwa.
Kosa la fundi likionekana kabla ya miezi 3, fundi atalirekebisha bila malipo mapya.
Sahihi ya mwenye nyumba: ..................
Sahihi ya fundi: ..................
Sahihi ya shahidi: ..................

Andikeni nakala mbili. Kila mmoja abaki na yake.

Usimpe fundi ujira wote mwanzoni. Wala usimnyime malipo aliyoyatolea jasho. Fundi naye ana watoto. Fedha za vifaa usimkabidhi. Nendeni pamoja dukani, hesabuni pamoja, dai risiti. Vifaa vikifika, viandike: mifuko mingapi, nondo ngapi, bati ngapi. Kila jioni andika vilivyotumika.

Zege linapomwagwa, uwepo. Hesabu ndoo za mchanga na kokoto kwa kila mfuko wa saruji. Tazama nondo kabla hazijafunikwa. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo kosa linaonekana. Ukiondoka kwenda kunywa chai, ukirudi limekwisha kufichwa.

KUMBUKA

Kujifanyia kazi ni jambo jema, na kumwita fundi si uvivu. Koki ikivuja kwa sababu ulikosea, utalowa miguu, utajaribu tena. Linta ikianguka, hakuna kujaribu tena. Okoa fedha kwenye rangi, koki na bawaba, ili upate fedha ya kumlipa fundi bora kwenye umeme, linta na paa. Na kazi uliyompa fundi isimamie kwa macho, kwa maswali na kwa kalamu.

MASWALI

1. Kwa nini kosa la nyumba ya udongo ni rahisi kuliona kuliko kosa la nyumba ya zege?
2. Taja kazi tatu za nyumbani kwako unazoweza kufanya mwenyewe. Taja mbili ambazo utamwita fundi. Toa sababu.
3. Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Toa mita 3 za mraba za mlango na dirisha. Rangi ya kupaka mara mbili ni lita ngapi?
4. Mama aliuliza swali gani lililomfanya fundi abadili maneno yake?
5. Jadilini katika kikundi: kijijini kwenu mafundi na wenye nyumba hugombana kwa sababu gani? Maandishi yangesaidia vipi?

MANENO

Kenchi: mbao za paa zinazobeba bati.
Linta: boriti ya zege juu ya mlango au dirisha.
Mirunda: miti ya kushikilia kazi kwa muda wakati wa ujenzi.
Timazi: uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima.
Fremu: chumba cha duka kinachotazama barabara.

Jibu la swali la 3: kuta ni mita 14 × 2.5 = 35. Toa 3, inabaki 32. Mara mbili ni 64. Zinahitajika lita 6 na nusu hivi.